Shajara ya Mradi: Jagi, Chupa na Gitaa kwa Mtindo wa Kyubizimu

Jumatatu. Mradi umetangazwa

Mradi wa muhula huu ni picha ya vitu tuli kwa mtindo wa kyubizimu, yaani kukionyesha kitu kutoka pande kadhaa kwa pamoja katika picha moja. Tutakabidhi michoro ya maandalizi ya penseli, picha moja ya rangi yenye ukubwa wa A2, na shajara hii. Mwalimu ametoa sharti moja tu: mstari wowote utakaouchora, akikuuliza uliuona ukiwa umekaa au umesimama wapi, uwe na jibu. Mstari usio na jibu unafutwa.

Sharti hilo limewakata maini wengi. Walishaanza kufurahi kwamba safari hii hakuna kupima, ni kuchora chupa tu kisha kuikatakata kwa rula mpaka ifanane na vigae vya sahani iliyoanguka. Mwalimu aliwaacha wafurahi kidogo, ndipo akalitoa.

Kila kikundi kimechagua vitu vyake kabatini. Sisi tumechukua jagi la udongo lenye mkono mmoja, chupa ndefu ya kijani, gitaa kuukuu lililobakiwa na nyuzi chache, na gazeti. Mwenzetu alitaka na kiatu kiwemo, tukamkatalia. Kiatu kinahitaji umbo lake lote ndipo kieleweke. Gitaa halihitaji. Ukiacha tundu la sauti na nyuzi mbili tatu, mtu atasema hili gitaa. Jagi linatambulika kwa mkono wake, chupa kwa shingo, gazeti kwa herufi. Nadhani ndiyo sababu Pablo Picasso na Georges Braque, wachoraji walioanzisha mtindo huu, waliganda kwenye violini, magitaa, chupa, glasi, viko na magazeti: vitu vyenyewe vilijulikana na kila mtu, kwa hiyo wao walikuwa huru kuvivuruga.

Jumatano. Penseli na vipimo

Leo hakuna kyubizimu. Tumechora vitu kama vilivyo, kila mtu kwenye kiti chake, penseli ya HB, bila kivuli. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima kwa penseli. Chupa yetu ina urefu wa majagi mawili kasoro kidogo. Mdomo wa jagi ni duaradufu, na karibu darasa zima liliuwekea ncha kali kulia na kushoto. Duaradufu haina kona popote. Mwalimu alipita meza hadi meza akizilainisha zile ncha kwa raba yake mwenyewe, bila kusema neno.

Baadhi ya wenzangu wameona tumepoteza kipindi. Mimi sioni hivyo. Kama huwezi kuchora upande mmoja wa jagi ukakaa sawa, utaunganishaje pande nne?

Ijumaa. Kuzunguka meza

Tumebandika alama za selotepu sakafuni kuizunguka meza yote. Mwalimu akipiga makofi, tunasogea alama inayofuata. Kila alama ina mchoro wake kwenye karatasi angavu, kwa vipimo vile vile. Alama moja iko juu ya stuli, unasimama na kuangalia chini.

Nimelifuatilia jagi kuliko vitu vingine. Nikichutama mpaka macho yawe usawa wa mdomo wake, mdomo ni mstari mmoja ulionyooka. Nikikaa kitini unafunguka kidogo, duaradufu nyembamba. Nikisimama inanenepa. Juu ya stuli ni duara kamili, naona mpaka kitako cha jagi kwa ndani, na ule mkono uliokuwa na mzingo mzuri sasa ni kijiti kifupi kilichochomoza pembeni. Jagi ni lile lile, halijasogea hata unywele.

Gitaa nalo lina vituko vyake. Kwa mbele lina kiuno, kwa ubavuni ni ukanda wa mbao tu. Kutoka upande wa kichwa, shingo yote inajikusanya kuwa kipande kifupi kinene na tundu la sauti linabanwa hadi kuwa ufa.

Hapa ndipo nilipoelewa kisa chenyewe. Tangu karne ya 15 wachoraji wa Ulaya walishikilia kanuni ya mtazamaji mmoja aliyesimama mahali pamoja, mistari yote ikikimbilia nukta moja kule mbali. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, aliyefariki mwaka 1906, aliilegeza kanuni hiyo taratibu. Kwenye picha zake za meza, ukingo wa meza unaoingia chini ya kitambaa upande wa kushoto haukutani na ule unaotokea kulia, na chombo kimoja kinaweza kuonekana kwa juu na kwa ubavuni papo hapo. Mwaka 1907 picha zake nyingi zilionyeshwa Paris kwa mkupuo mmoja, na Picasso na Braque walikuwa mji huo huo. Katika barua ya mwaka 1904 Cézanne alikuwa amemshauri mchoraji kijana, Émile Bernard, aishughulikie asili kwa njia ya mcheduara (silinda), tufe na pia (koni). Ajabu ni kwamba mchemraba hakuutaja.

Jumatatu. Picha za ukutani

Mwalimu amebandika nakala kadhaa ukutani na kutuambia tuziangalie kipindi kizima, mikono mifukoni.

Ya kwanza ni nyumba za L'Estaque, kusini mwa Ufaransa, alizozichora Braque mwaka 1908. Nyumba hazina milango wala madirisha, zimepandana mlimani, mwanga unatoka kila upande. Zilipoonyeshwa mwaka huo huo kwenye jumba la maonyesho la muuza picha Daniel-Henry Kahnweiler, mhakiki Louis Vauxcelles aliandika kwamba Braque anapunguza kila kitu kuwa michemraba. Jina likaanzia hapo, kwa kejeli, na likaganda. Limewapotosha wanafunzi wengi nadhani, maana ukiangalia picha zilizofuata, mchemraba mzima ni wa kutafuta kwa tochi.

Nimekaa zaidi mbele ya violini na kinara cha mshumaa, picha ya Braque ya mwaka 1910. Violini iko, lakini ukijaribu kuifuata ukingo wake kwa kidole unapotea. Ukingo unaanza mweusi kabisa, unafifia, kisha unakatika, na mbao za violini zinamwagikia kwenye kilicho nyuma yake. Hewa iliyo kati ya violini na kinara imechorwa kwa uzito ule ule wa violini. Vipande vimejazana katikati ya turubai na kupungua vikielekea pembeni.

Nikamwambia Mwalimu kwamba naona kazi kubwa ya watu hawa haikuwa kuvunja. Kuvunja kunamalizika mapema. Kilichowatoa jasho ni kuunganisha, kufanya vipande vya violini, vya meza na vya hewa viwe uso mmoja. Akaniuliza, "Na wewe utaunganisha kwa kitu gani?" Sikuwa na jibu la haraka, na hakulisubiri.

Jumatano. Kurundika karatasi

Nimezipanga karatasi zangu angavu moja juu ya nyingine na kuziinua dirishani. Ni msitu wa mistari. Majagi yamerundikana, shingo za gitaa zinakwenda pande zote, chupa imekuwa kundi la chupa. Kila mstari una jibu la "uliuona wapi", lakini picha haipo.

Njia niliyoifuata ni hii. Kwanza nimechora mistari mirefu michache ya mshazari inayokatiza karatasi nzima. Sikuibuni: mmoja ni mwelekeo wa shingo ya gitaa, mwingine ni ukingo wa meza nikiwa nimesimama, wa tatu ni mkunjo wa gazeti. Kisha nikaziteleza zile karatasi juu ya mistari hiyo, kila mtazamo ukitafuta mstari wa kujishikiza. Chupa ya kutoka alama ya kushoto ilisogea ikakaa begani kwa jagi, na ubavu wake ukawa pia ukingo wa shingo ya gitaa. Mstari mmoja, kazi mbili. Nilipoona hivyo nikaanza kuwinda mistari ya aina hiyo kwa makusudi, na nilipoipata nikafuta mingine miwili mitatu iliyokuwa inafanya kazi moja moja.

Tundu la gitaa nimeligawa. Nusu ya juu ni ile niliyoiona kitini, duaradufu. Nusu ya chini ni duara la kutoka kwenye stuli, nayo nimeisogeza upana wa kidole kulia. Nyuzi zinapita juu ya nusu ya kwanza, zinakatika pale kwenye mpasuko, zinaendelea zikiwa zimehama. Jicho linaruka kidogo linapofika pale, na ndicho nilichokitaka.

Kila kitu nimekiachia alama moja ambayo haikuguswa: mkono wa jagi, shingo ya chupa, tundu na nyuzi. Vingine vyote ruksa kuvuruga.

Ijumaa. Kivuli

Mchoro wa mwisho wa penseli, 2B na 4B, na 6B kwa weusi wa mwisho kabisa.

Katika mchoro wa kawaida tunauliza taa iko wapi, kisha kila kivuli kinatii. Hapa kila bapa, yaani kila kipande cha uso wa picha, lina mwanga wake. Unachagua ukingo mmoja, unautia weusi, unaufifisha mpaka ukingo wa pili ubaki na weupe wa karatasi. Halafu bapa jirani unaanza upya. Kanuni inayotawala ni ndogo, lakini ndiyo kila kitu: pale ukingo mweusi unapogusana na mweupe, jicho linasema kuna kilicho mbele na kilicho nyuma. Ukibadilisha upande wa weusi, cha mbele kinakwenda nyuma. Unaweza kuliingiza jagi ndani ya meza bila kugusa mstari hata mmoja.

Swali la Mwalimu, la nitaunganisha kwa kitu gani, lilijijibu hapa, kwenye bega la jagi. Bega hilo linapakana na kipande cha ukuta. Nilikuwa na weusi upande wa jagi na weupe upande wa ukuta, na ukingo ulikuwa mkali mno. Jagi lilikuwa limebandikwa tu. Nikaanza kuuongeza weusi wa ukuta kidogo kidogo kutoka chini, kwa ubavu wa penseli, mpaka kwa urefu kama wa kucha pande zote mbili zikawa na kijivu kile kile. Hapo mstari umetoweka. Jagi limefunguka, ukuta umeingia ndani yake kwa mlango huo mdogo, na mbele kidogo mstari unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Cézanne alizitumia nafasi hizi, Braque akazifanya uti wa mgongo wa picha zake.

Haifai kufungua kila mahali. Mwenzangu amefungua kingo zote na picha yake imegeuka ukungu. Mimi nimefungua sehemu moja kwa kila kitu, na sehemu mbili kwa gitaa kwa kuwa ni kubwa.

Jumatatu. Barakoa

Kipindi cha leo kilikuwa cha kusikiliza. Vitabu vya shule vinaipa Afrika sentensi moja katika habari hii, "Picasso aliathiriwa na barakoa," kisha vinaendelea na safari. Mwalimu alikaa na sentensi hiyo kipindi kizima.

Mwaka 1907, wakati akihangaika na picha yake kubwa ya wanawake watano, Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, lililokuwa na vinyago vya Afrika, vingi vikiwa vimefika Ulaya kwa njia ya ukoloni. Majina ya wachongaji hayakuandikwa. Yeye pia alikusanya barakoa zake, zikiwemo za Wagrebo wa Afrika Magharibi. Katika barakoa ya aina hiyo uso ni ubao bapa, na jicho, ambalo kwetu ni shimo, limechongwa kama mcheduara uliochomoza mbele. Mwaka 1912 Picasso alitengeneza gitaa la kadibodi, na tundu la sauti, ambalo ni shimo, likawa mrija unaotokeza nje. Kahnweiler, aliyemfahamu vizuri, alikuja kuandika kwamba somo hilo lilitoka kwenye barakoa za Wagrebo.

Kwa maoni yangu huko si kuathiriwa. Huko ni kufundishwa, na fundi aliyefundisha alistahili kuandikwa kwa jina. Mchongaji yule alijua kwamba alama si lazima ifanane na kitu. Inatosha ikae mahali pake, na mtazamaji atamalizia.

Nimerudi kwenye mchoro wangu na kulitia tundu la gitaa kivuli kwa kinyume, weupe ndani, weusi pembeni. Sasa limetokeza. Bado ni tundu.

Jumatano. Rangi za mwanzo

Mchoro umehamishiwa kwenye ubao kwa miraba. Tunatumia akriliki. Mwalimu ameruhusu rangi tano tu: manjano ya udongo, kahawia iliyoiva, bluu, nyeupe na nyeusi. Nimekubali shingo upande, maana chupa yetu ni kijani cha kuvutia na nilikuwa na hamu nayo.

Sababu naielewa. Kati ya mwaka 1910 na 1912 Picasso na Braque walibaki na kahawia, kijivu na manjano ya udongo. Rangi kali ina tabia ya kuliita jicho, na inakiambia kitu "wewe ni kimoja, wewe ni chupa." Ukipaka chupa kijani kitupu, imefungwa tena, milango yote uliyoifungua kwa penseli inazibwa. Kijivu kinapita kutoka kitu hadi kitu bila kuulizwa kitambulisho.

Kijivu chetu hakitoki kwenye nyeusi na nyeupe tu, hicho kimekufa. Bluu ikichanganywa na kahawia inatoa kijivu kinachoweza kuegemea joto au baridi kutegemea ipi imezidi. Kijani cha chupa nimekipata kwa manjano ya udongo na nyeusi, kijani kizito chenye vumbi, nacho nimekitumia sehemu mbili: shingoni mwa chupa na kwenye kipande cha kivuli cha gazeti, mbali na chupa. Hivyo rangi nayo imesafiri.

Ijumaa. Brashi

Akriliki inakauka ukiwa bado unafikiri, na ikikauka inakuwa ya giza zaidi ya ulivyoichanganya. Kwa hiyo kufifisha bapa kutoka giza kwenda mwanga kwa brashi moja pana hakuwezekani. Rangi inashika katikati na kuacha michirizi. Nimetumia mapigo mafupi ya brashi bapa, yote yakilala upande mmoja, kila safu ikiongezwa nyeupe kidogo. Ukiziangalia nakala za ukutani kwa karibu, Braque na Picasso nao walipaka kwa mapigo mafupi yaliyopangwa, ingawa wao walitumia mafuta.

Waliotumia selotepu kupata kingo kali wana picha safi sana. Safi kupita kiasi, kwa maoni yangu, lakini sikuulizwa.

Jumatatu. Kitana na gazeti

Siku niliyoingoja. Mwalimu ameruhusu tuongeze kitu kisicho rangi.

Braque alitoka katika familia ya wapaka rangi wa nyumba na alijifunza kazi hiyo kabla ya kuwa msanii. Alijua kuiga mbao kwa kitana na kuandika herufi kwa stensili, na ujuzi huo aliuleta kwenye turubai. Mwaka 1912 mambo yalikwenda kwa kasi: Picasso aligundisha kwenye picha kitambaa kilichotiwa mafuta na kuchapwa mfano wa kiti cha kusukwa, akaizungushia kamba badala ya fremu, na kuandika herufi JOU, mwanzo wa neno la Kifaransa journal, yaani gazeti. Baadaye mwaka huo huo Braque aliona dukani karatasi ya ukutani yenye mfano wa mbao, akaikata na kuigundisha kwenye mchoro wa mkaa wa bakuli la matunda na glasi.

Kitana changu nimekikata kwenye kadibodi ngumu. Meno yanayolingana yanatoa mistari inayolingana, na mbao hazina mistari ya namna hiyo, kwa hiyo nimeyakata kwa upana tofauti. Chini manjano ya udongo, ikakauka. Juu kahawia nzito, na hapo hapo kitana kinavutwa kabla haijashika. Siri iko mkononi: ukifika katikati unatikisa kifundo kidogo sana, mistari inajikunja, unaendelea. Hilo kunjo dogo ndilo linalosema "mbao". Nimeupaka mfano huo nusu ya mwili wa gitaa, na nikaupitisha kidogo nje ya mstari wa gitaa ukaingia mezani. Meza nayo ni ya mbao, kwa hiyo hakuna anayejua gitaa linaishia wapi.

Gazeti nimelikata herufi za kichwa cha habari, nusu neno tu, nikaligundisha pale gazeti la kweli lilipokuwa. Herufi zinakaa bapa juu ya uso wa ubao, na ghafla kila kitu kingine kinarudi nyuma. Nusu neno linamfanya mtazamaji alimalizie mwenyewe. Mwenzangu amegundisha ukurasa mzima, na sasa watu wanasimama kuisoma picha yake habari za michezo.

Jumatano. Juan Gris

Ni mchoraji mwingine wa kyubizimu, ila wengi hawamjui. Jina lake la kuzaliwa ni José Victoriano González, alizaliwa Madrid mwaka 1887, na Paris alianza kwa kuchora vibonzo vya magazeti. Picha zake zina mpango na rangi: bluu, kijani, hata nyekundu. Njia yake ni kinyume cha tuliyofuata sisi. Alisema Cézanne aligeuza chupa kuwa mcheduara, na yeye anaanza na mcheduara ili aufanye chupa. Nimejaribu kwenye daftari: nimekata karatasi za rangi bila kufikiria kitu chochote, nikazipanga mpaka zikatulia, kisha nikatafuta ndani yake jagi liko wapi. Liliwezekana kwa penseli kidogo tu, mkono na mdomo. Ni haraka zaidi, na ni vigumu kulitetea mbele ya sharti la Mwalimu, kwa kuwa mstari wa kwanza haukuonwa kutoka popote. Nimemwonyesha. Amecheka na kusema huo ni mradi wa muhula ujao.

Ijumaa. Makabidhiano

Tumesimamisha mbao zote ukutani na kila mtu ameulizwa mistari yake. Kwangu Mwalimu aligusa ukingo kati ya chupa na shingo ya gitaa. "Huu uliuona wapi?" Nikamjibu, chupa niliiona nikiwa alama ya kushoto, shingo niliiona nimesimama karibu na mlango, na kukutana kwao niliwakutanisha mimi. Akataka kujua kwa nini pale. Kwa sababu bila mstari huo chupa ilikuwa inaelea, haina kitu cha kuishikilia. Akaandika kitu kwenye karatasi yake na kusogea kwa mwingine.

Kona ya juu kulia ameniambia ni nzito mno. Vipande vimejazana hadi ukingoni, picha haipumui. Ni kweli, na akriliki inaruhusu. Nitapaka kijivu chepesi juu ya mabapa matatu ya kona hiyo na kuyaacha yafifie bila mistari. Nimesaini nyuma ya ubao, kama walivyofanya Picasso na Braque kwa kipindi fulani. Kadibodi ya gitaa la kusimama nimeshaiomba kwa mtunza kabati, na mrija wa kutengenezea tundu ninao.